LUSHOTO: NILIFUATA MKATE, NIKAKUTA KESI

Wiki hii nina mkasa, na mkasa wenyewe unaanzia jikoni. Naam, jikoni! Kidume mzima, nimepanga chumba na sebule pale Tabata, Jumamosi jioni washikaji wote wameshajikusanya kijiweni, mimi nimevaa bukta na unga umenijaa hadi kwenye nyusi.

Nilikuwa naoka mkate wa epo.

Usicheke kwanza. Mkate wa epo ni mkate mtamu wa viungo, ndugu yake keki. Hauna hamira, kwa hiyo hakuna kukanda wala kusubiri uumuke. Unachanganya, unamimina kwenye sufuria, unaweka motoni, na saa moja baadaye nyumba nzima inanukia mdalasini. Mimi nimekulia mkate huo. Bibi yangu mzaa mama, kule Magamba juu ya Lushoto, alikuwa akiuoka kila Jumamosi usiku na kuuza vipande Jumapili asubuhi. Daftari zangu, sare zangu na viatu vyangu vya miaka saba ya shule ya msingi, vyote vilitoka ndani ya sufuria ile.

Basi siku hiyo utoto ukanijia. Nikapita kwa muuza matunda, nikanunua epo nne nyekundu zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, kila moja shilingi elfu moja, zimebandikwa kijikaratasi cha kuonyesha zimetoka Afrika Kusini. Nikakwaruza, nikachanganya, nikasonga kwelikweli kama ugali wa watu kumi. Nikaoka. Nilipogeuza sufuria kikatoka kitu kama tofali: juu kimeungua, katikati kibichi, pembeni kinavutika kama ulimbo. Mama mwenye nyumba akapita, akakiangalia, akauliza kwa adabu, "Baba, hicho cha kula au cha kujengea?"

Nikaona isiwe taabu. Nikampigia bibi simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umenikumbuka, au umeachika huko?"

Utani wa bibi na mjukuu huo, usiutafutie tafsiri nyingine. Nikamweleza habari ya tofali langu. Akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, "Epo za wapi hizo?" Nikamwambia. Akasema, "Hizo ni za kumpelekea mgonjwa hospitali. Zina sukari na maji basi. Za mkate ni hizi za huku, ndogo, chachu. Njoo uchukue. Lakini uwahi, mume wangu. Mjomba wako ameshanoa shoka."

Shoka? Nikadhani sijasikia vizuri. Bibi akarudia: mjomba anataka kukata miti yote ya epo, kumi na mmoja, apande kabichi na karoti. Jumamosi ijayo kuna kikao cha familia. Na mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu mama yangu, natakiwa nikae mahali pa mama.

Kwa kweli sikulala vizuri. Nilikuwa sijakanyaga Magamba kwa miaka sita.

KUPANDA MLIMA

Ijumaa alfajiri nikawa Stendi ya Magufuli, Mbezi. Saa kumi na mbili basi likang'oa nanga. Kama hujawahi kwenda Lushoto, nikupe ramani ya haraka. Unapita Chalinze, unakwenda mpaka Segera, pale barabara ya kwenda Tanga inapoachana na ya kwenda Moshi na Arusha. Abiria wote wanashuka kuchimba dawa na kununua machungwa. Halafu Korogwe, halafu mashamba ya mkonge yaliyojipanga mistari kama askari kwenye gwaride, halafu Mombo.

Mombo ni joto, vumbi na mama lishe. Ukisimama pale ukitazama kulia unaona ukuta wa mlima, ukajiuliza gari litapita wapi. Litapita humohumo! Basi linaacha barabara kuu na kuanza kupanda, kilomita 33 za kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo ukilichungulia unakumbuka dhambi zako zote. Dada aliyekaa karibu yangu, mgeni wa njia hiyo, alishika mkono wangu bila kuniuliza jina. Tulipofika Soni, pale maporomoko ya maji yanapoonekana barabarani, akauachia na kusema "samahani kaka." Nikamwambia hakuna taabu, hata mimi nilikuwa naogopa.

Kuanzia Soni madirisha yanafungwa yenyewe. Watu wanatoa masweta kwenye mabegi. Ulikuwa mwezi wa kwanza, msimu wa matunda, na watoto walikuwa wamejaa kando ya barabara na vindoo vya plamsi nyekundu na vikapu vya pichi. Epo nikaziona kiduchu tu, kwenye sahani mbili, zimewekwa nyuma kama mtoto wa kambo. Ningekuwa na akili, pale pale ningeelewa anachosema mjomba.

Lushoto mjini ni pahali bomba. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, jina la mfalme wao, wakapageuza kuwa kimbilio la joto la pwani. Walijenga nyumba za mapaa marefu kama za kwao, nyingine zipo hadi leo. Kwa kuwa baridi iliwaridhisha, wamisionari na walowezi wakaleta na matunda ya kwao: plamsi, pichi, peasi na epo. Ukifika, panda hadi Irente, usimame kwenye ncha ya jabali. Chini yako kabisa unaliona bonde la Mazinde na barabara ya Moshi, magari madogo kama siafu. Ukishuka, pita kwenye shamba la hapo Irente wanakouza jibini na jemu. Kwa vijana wenye wapenzi, sisemi zaidi.

Neno moja kuhusu jina. Shuleni tulifundishwa kusema tofaa. Lakini ukienda Unguja au Tanga mjini ukaomba tofaa, utapewa tunda jingine kabisa, lile jekundu la waridi, laini, lenye maji mengi na harufu ya marashi. Ndiyo maana huku mlimani watu wanasema epo tu, na yamekwisha.

KIKAO

Jumamosi saa nne tukakaa uani. Mjomba na mke wake, mama mdogo aliyetoka Korogwe, wazee wawili majirani, bibi kwenye kigoda, na mimi na koti langu la jinzi. Mbele yetu miti yenyewe, kumi na mmoja, imezeeka, magome yana kutu, imejaa epo ndogo za kijani zenye shavu jekundu.

Mjomba ni mtu mpole. Hakupiga kelele. Alihesabu kwa vidole.

"Kwanza, kabichi inakaa miezi mitatu shambani, inauzwa. Epo inakaa mwaka mzima. Pili, magari ya Dar yanakuja hadi Lukozi kufuata mboga. Karoti, kabichi, viazi, hoho, vyote vinapakiwa usiku, asubuhi viko Kariakoo. Nani anakuja kufuata epo? Akija anasema ni ndogo, ni chachu, ina madoa. Tatu, watoto wangu wawili wako sekondari. Nne, kivuli cha miti hii kinaniharibia matuta sita. Mwenye hoja nyingine aseme."

Wazee wakatazamana. Mama mdogo akaangalia chini. Wote wakanigeukia mimi.

Msomaji wangu, nilikuwa nimejiandaa! Nilisimama, nikatoa hotuba. Nikasema miti hii ni urithi. Nikasema imenisomesha. Nikasema mjini watu wanatafuta vitu vya asili, visivyo na dawa. Nikasema marehemu mama alinizaa chini ya kivuli chake, jambo ambalo si kweli, nilizaliwa hospitali, lakini maneno yalikuwa yameshanichukua. Nikamaliza nikakaa, nasubiri makofi.

Mjomba akaniuliza kwa upole, "Mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Miaka sita iliyopita, mjomba."

"Nani alipogoa hii miti miaka sita?"

Nikanyamaza.

"Nani alibeba samadi? Nani alipanda juu kupukutisha majani?"

Hapo inabidi nieleze. Mti wa epo asili yake ni nchi zenye baridi ya kweli, huko Asia ya Kati, milima ya Kazakhstan. Umezoea kulala wakati wa baridi, majani yote yakaanguka, kisha ukaamka na maua. Huku kwetu baridi hiyo haitoshi, hata Lushoto. Mti unabaki kama mtu mwenye usingizi wa mang'amung'amu, halali wala haamki. Zipo aina zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi za joto, kama ile iitwayo Anna kutoka Israel, isiyodai baridi nyingi. Lakini kwa miti ya zamani, dawa ni kupanda juu baada ya kipupwe, kutoa majani kwa mkono, jani kwa jani, ili mti udhani umepita msimu wa baridi. Miti kumi na mmoja! Kazi hiyo alikuwa akiifanya bibi, na miguu ilipomshinda akaifanya mjomba.

"Mjukuu wetu," mjomba akasema, "mti hauli kumbukumbu. Unakula samadi."

Kiukweli nilitamani ardhi ipasuke. Kama mtu aliyeshikwa ugoni nikatafuta mlango wa kutokea. Nikasema, "Basi mjomba, bakisha hata mmoja tu. Wa ukumbusho."

Bibi, ambaye muda wote alikuwa kimya akichambua mboga, akacheka.

"Mmoja? Huyo atakaa hapo kama mjane. Epo peke yake anatoa maua tu. Anataka mwenzake, tena wa aina nyingine, nyuki apeleke chavua huku na huku. Ukibakisha mmoja, umekata yote."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Bwana shamba alishamwambia vivyo hivyo. Kikao kikaahirishwa hadi asubuhi, maana mvua ilianza.

SUFURIA YA BIBI

Usiku ule ndipo nilipofundishwa mkate, na ndipo nilipojua ulikotoka. Nilikuwa nadhani bibi aliuokota tu. Kumbe miaka ya 1950, akiwa msichana, alifanya kazi jikoni kwa mama mmoja wa Kizungu, mke wa mlowezi wa Kiingereza. Mama yule alikuwa na oveni ya kuni na kitabu. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kuangalia. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 wazungu wengi wa pale wakaanza kufungasha. Yule mama alimwachia bibi miche mitatu ya epo kwenye makopo. Hiyo kumi na mmoja ni uzao wake, bibi alijifunza kubebesha vikonyo mwenyewe. Oveni hakuachiwa.

"Ndiyo nikatengeneza yangu," akasema, akinyoosha kidole kwenye sufuria mbili nyeusi.

Kubwa unaweka mchanga mkavu chini, kimo cha vidole viwili, unaibandika jikoni hadi mchanga upate moto. Ndogo, yenye mchanganyiko, unaiketisha juu ya mchanga. Unafunika ile kubwa kwa mfuniko bapa, unapanga makaa juu yake. Siri iko hapa: makaa mengi yakae juu, machache chini. Mimi Tabata nilifanya kinyume, moto wote chini, ndiyo maana lile tofali liliungua upande wa chini. Nilipoligeuza ndio ukawa wa juu.

Viungo navyo vina safari zake. Mdalasini na iliki vinatoka milima hii hii ya Usambara, ila ya upande wa mashariki, Amani na Muheza, kule Wajerumani walikoanzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Karafuu na kungumanga zinavuka maji kutoka Unguja na Pemba. Mama wa Kizungu alitumia mdalasini wa kopo. Bibi akaona upuuzi, akanunua magome sokoni akatwanga. Iliki aliiongeza mwenyewe, kwa sababu, anasema, kitu kitamu bila iliki ni kama harusi bila ngoma.

Halafu akanishika mkono nilipoanza kukoroga. "Wee! Unasonga nini? Huu si ugali. Unga wa ngano ukiukoroga sana unapata mnato, unavutika, mkate unakuwa mpira. Geuza mara kumi na tano, ukiona bado kuna madonge madogo, wacha. Yatajimaliza yenyewe."

Na beking pauda? Ile ikiguswa na maji inaanza kutoa hewa hapo hapo, na ikipata moto inatoa nyingine. Ndiyo inayoinua mkate badala ya hamira. Kwa hiyo ukishachanganya, usiende kupiga soga dirishani, peleka motoni mara moja. Bibi anaweka kijiko kimoja na nusu. Nikamwambia pakiti inasema viwili. Akasema akiweka viwili mkate unapanda haraka halafu unabonyea katikati. Baadaye nikaelewa: Magamba ni juu sana, hewa nyepesi, kwa hiyo mapovu yanavimba kuliko pwani. Dar weka viwili.

Tukakaa jikoni tunangoja. Mvua inapiga bati, moshi unatutoa machozi, harufu ikaanza kuja taratibu, kwanza epo, halafu mdalasini, halafu iliki. Nikamwuliza bibi, "Wewe unasemaje kuhusu miti?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Miti niliipanda ili watoto wasome. Sasa kama wa mjomba wako watasoma kwa kabichi, mimi nitagombana na kabichi? Ila ningependa nife nikiwa naionja."

Sina la kuongeza hapo.

HUKUMU

Asubuhi, mkate ukiwa mezani na chai ya tangawizi, mjomba akala kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaona ndio wakati.

"Mjomba, kata minane. Bakisha mitatu, ile ya pembeni, karibu na jiko la bibi, aina mbili tofauti. Haitupi kivuli kwenye matuta. Na epo za mitatu hiyo nazinunua mimi. Zote. Kila mwaka. Kwa bei ambayo ungepata kwa kabichi kwenye eneo lile lile. Na majani nitakuja kupukutisha mwenyewe."

Mjomba akapangusa mdomo. "Mdomo wa mjini huo."

"Tuandikishane."

Tukaandikishana, kwenye karatasi ya daftari, wazee wawili mashahidi. Mjomba akataja bei. Kwa mshahara wangu, msomaji, ile bei si mchezo. Ni wikiendi nyingi za kijiweni zimekwenda. Lakini nilitia saini.

Halafu mjomba akanipa shoka. "Anza wewe. Ili usije ukasema mjomba ndiye aliyekata."

Nilikata wa kwanza kwa mikono yangu, mikono ya kubofya kompyuta, ikatoka malengelenge. Mti wa epo ni mgumu, hauanguki kwa maringo. Ulipoanguka epo zikatawanyika hadi kwenye matuta. Watoto wa mjomba wakawa wanaokota wakicheka. Mimi sikucheka, lakini wala sikulia. Bibi alikaa mlangoni akatazama minane yote hadi wa mwisho, kisha akasema kuni za epo zina makaa mazuri, tusiziache zilowe.

Nilirudi Dar na kikapu kizito miguuni, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 ndio mwendo huo, na vipande viwili vya mkate ndani ya gazeti. Pale Mombo joto liliponipiga usoni, nikafungua kimoja. Kona zote za mlima nikazisahau.

HAYA, NENDA JIKONI

Nisikuchoshe. Hiki hapa kipimo cha bibi, nimekirekebisha kwa ajili ya sisi wa chini.

Unga wa ngano vikombe 2. Beking pauda vijiko vya chai 2. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mdalasini uliosagwa vijiko vya chai 2. Iliki iliyotwangwa nusu kijiko. Karafuu 3 zilizosagwa, na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, ukizidisha inakuwa chungu. Hivyo vyote changanya vikiwa vikavu kwenye bakuli.

Bakuli la pili: mayai 2, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta ya kupikia nusu kikombe, maziwa robo kikombe. Piga mpaka sukari iyeyuke. Kwaruza epo 3 za Lushoto, au 2 zikiwa kubwa, kwa kile kikwaruzo cha karoti, maganda usitoe. Zitupie humo mara moja, maana epo ikikutana na hewa inageuka rangi ya kahawia. Ukikosa za Lushoto, ulizia za Njombe. Ukikosa kabisa, tumia hizo za kung'aa, ila punguza sukari ifike nusu kikombe, ukamulie nusu limau. Hapo ndipo uchachu utakapotokea.

Mimina majimaji kwenye unga. Geuza mara kumi na tano. Kumi na tano! Paka sufuria mafuta, tandika karatasi chini, mimina, peleka motoni. Makaa mengi juu, machache chini. Usifungue kabla ya dakika arobaini. Saa moja ikikaribia chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu, tayari. Uache upoe kabla ya kukata, najua ni vigumu. Wenye oveni, nyuzi 180 na muda ni ule ule.

Mama mwenye nyumba safari hii hakuuliza swali. Alichukua kipande, akaondoka, baada ya dakika tano akarudi na sahani.

Mwaka huu nimeshakwenda Magamba mara mbili. Mara ya kwanza baada ya kipupwe, nikapanda juu ya miti mitatu na kutoa majani, jani kwa jani, siku mbili nzima, shingo ikagoma. Mjomba alikuwa chini kwenye kabichi zake, zimestawi hasa, sikatai. Alikuwa akinitazama bila kusema kitu. Mara ya pili nilikwenda kulipa. Alihesabu pesa mara mbili, akanirudishia noti moja.

"Hii ni ya nini mjomba?"

"Nauli," akasema. "Usije ukapata sababu."

Bibi bado yupo, bado ananiita mume wake, na amenituma niwasalimu nyote. Ukipita Soni mwezi wa kwanza ukaona zile sahani mbili za epo nyuma ya vindoo vya plamsi, simama, nunua. Yule mtoto anayeuza huenda anazinunulia daftari.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.